Kambale na Mwenzake Asiyeona

Kwa Mama Kathure, Gachoka.

Anayekusomea asiruke neno. Salamu kutoka kwa mkweo Idrisi, mwenye bucha ya pekee Meru nzima yenye samaki wa kutazamwa tu.

Mama, nimetembea mpaka Kampala, lakini ajabu hii sijaiona. Samaki wangu mwekundu, anayekaa tangi moja la kioo na kambale, amepofuka. Nikasema, "Leo kambale atammeza!" Wapi! Kambale humsukuma kwa ubavu, polepole, hadi penye chakula, kisha hungoja mwenzake aanze kula. Na hata si kabila moja! Wateja wanashangaa hadi wanasahau nyama.

Binti yako Kathure alitazama, akalia. "Na mama, macho yake yakiisha, nani atamwongoza?"

Najua mila yenu, mama mkwe haruhusiwi kulala kwa mkwewe. Ninaiheshimu. Ndiyo maana nimekujengea nyumba ng'ambo ya barabara, nje kabisa ya ua wangu. Hapo si kwa mkwe, ni kwako. Nimefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, nikaifuata mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Nilifika salama, isipokuwa goti moja. Jiwe lenyewe nimeshaling'oa.

Njoo, Mama.

Mkweo,
Idrisi