Chupa Ulizoleta Likizo

Mbaga, Same
14 Machi 1986

Mwanangu Asteria,

Salamu zako nimezipokea, marahaba. Mvua imenyesha, na maduka ya Hedaru sasa yana sabuni.

Ulipokuja likizo ulitueleza kwamba kazini mnakuza virusi vya homa ya ini ndani ya seli hai, katika chupa za kioo. Ukatuachia boksi la chupa, kwa kuwa huku hazipatikani. Sikukuuliza zilikotoka. Mama yako alizisugua kwa majivu, akaniambia, “Baba Asteria, tazama, zimeshinda glasi za mchungaji!” Tangu hapo anazitilia maziwa ya mwanao Sifael, na mengine ya kumpelekea jirani yetu Koleta, aliyejifungua juzijuzi.

Jana Sifael alikataa chakula. Leo macho yake ni ya manjano. Mganga wa zahanati anasema ni ini.

Nijibu swali moja: chupa hizo zilikuwa mpya, au zilikwisha kutumika kazini kwenu? Usinitulize moyo. Sema kweli, upesi.

Mama yako hajui ninachokuandikia. Hivi sasa amesimama mlangoni, ameshika chupa ya maziwa ya Koleta. Nimemkataza kwenda, naye ananiuliza kwa nini.

Baba yako,
Abednego