Sauti Yangu Imebaki Dukani

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko Rombo? Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Ningepiga simu, lakini wewe ukisikia habari za kazi unaanza kulia kabla sijamaliza. Barua hii nimempa binamu Aisia aje nayo.

Unajua kazi yangu hapa Kariakoo: kuita wateja kwa kipaza sauti mlangoni kwa tajiri wangu, Bwana Nassor, muuza mashuka. Sasa nilishikwa na mafua, sauti ikaanza kukauka. Akasema, "Elibariki, jirekodi kabla haijaisha kabisa." Nikajirekodi: "Karibu mama, karibu baba, shuka pamba tupu!" Nilipopona akataka vyote kwa pamoja: rekodi, muziki wa simu, na mimi mwenyewe nikitaniana na wapita njia.

Amplifaya yetu ina tundu moja tu linalofanya kazi. Nikachuna nyaya tatu, ya rekodi, ya simu na ya kipaza sauti, nikazisokota pamoja, nikachomeka. Mama, maajabu! Kila kimoja peke yake kinanguruma. Nikiviwasha pamoja, vyote vinanong'ona. Nikaongeza sauti, ukatoka mkwaruzo mpaka wateja wakaziba masikio. Tajiri alinitazama kwa jicho baya.

Nikakimbilia Ilala kwa Fundi Manase. Akacheka mpaka akakaa chini. "Umezisokota hivihivi? Sauti badala ya kuingia kwenye amplifaya inapotelea kwenye waya wa jirani." Akaweka rezista, kidude kidogo cha kuzuiazuia umeme, kwenye kila waya kabla nyaya hazijakutana. Nikamuuliza, sasa kinachozuia kitasaidiaje? Akanieleza, nikaitikia. Mpaka leo sijaelewa.

Lakini ikakubali! Muziki chini, rekodi juu, na mimi katikati. Mtaa mzima uligeuka. Tajiri akanipa mkono: "Kumbe wewe fundi!" Nilivimba kichwa, Mama, nisikufiche.

Kesho yake akaniita pembeni, kwa upole kabisa. "Sauti yako imeshakaa vizuri mle ndani. Wewe pumzika kwanza, nikikuhitaji nitakuita." Sasa hapo nimefukuzwa au nimepewa likizo? Sijui. Sauti ni yangu, nyaya nimehangaika nazo mimi, na sasa kazi inakwenda bila mimi. Nina hasira, ila hata wa kumkasirikia simwoni.

Jana nilipita pale nikienda kuulizia kazi duka la mbele. Nikaisikia sauti yangu ikiita, "Karibu mama!" Mama mmoja akasimama, akaangaza mlangoni kumtafuta anayemkaribisha. Nilikuwa nyuma yake, nikapita zangu.

Mfikishie shangazi anayekuangalizia ng'ombe salamu zangu. Mdogo wangu Upendo asiambiwe haya, asome kwanza.

Na huyo Aisia alipita mbele ya duka akidhani nipo ndani, jioni akaja kuniambia, "Bado unakohoa vibaya, lazima nimwambie mama yako." Usihangaike, Mama, kifua kilishapona. Ni ile rekodi. Nilikohoa mwishoni, na hakuna aliyefuta.

Mwanao,
Elibariki