Kadi ya Picha

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nguo hazikauki, na leo sina neno jema la kumpa mtu yeyote. Anayetaka maneno matamu aufunge ukurasa huu akasome wa mwingine.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo chanzo. Ni ile ya mezani niliyoinunua kwa hoteli moja ya Diani ilipobadilisha mashine zake za mapokezi. Kisanduku chembamba, kilitoka kiwandani kwa kazi ya kuandika majina ya wageni, nami naifanyisha kazi ya kuhariri video za harusi. Inagoma. Nikikata kipande kimoja tu, picha inaganda, bi harusi anabaki kaachama na keki imemfika mdomoni, na mimi naenda zangu jikoni kupika wali hadi mashine itakapojisikia. Naichukia kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyehama.

Dawa yake ni kadi ya picha. Nasema kadi ya picha, sisemi kwa Kiingereza, na ubishi huu wangu leo umenitokea puani. Ni kile kibao chenye feni ndogo kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kibebe kazi ya picha badala ya kuiachia mashine nzima. Nilikisomea muda mrefu. Kisanduku changu ni chembamba, kadi kubwa haiingii, na umeme wake ni haba, kadi yenye tamaa ingeizima. Nilipima nafasi kwa utepe wa kupimia nguo, nikaagiza Mombasa kadi fupi isiyotaka waya wake wa umeme. Ilifika jana. Niliifungia kabatini nikasema leo nikirudi kutoka Kwale, nilikokwenda kuchukua kitambulisho, nitaichomeka mwenyewe.

Nilirudi nikakuta meza tupu.

Bakari ni mdogo wangu, tunakaa naye nyumba moja hapa Mwabungo. Amenisikia siku hizi zote nikilalama kadi ya picha, kadi ya picha, akaona anisaidie. Akaipakia kompyuta kwenye pikipiki, akaifunika turubai, akaipeleka Ukunda kwa fundi. Hakunipigia simu. Alitaka, ati, nirudi nikute kazi imekwisha. Nataka niandike hapa kwamba alikuwa na nia njema, lakini mkono unakataa.

Kwa fundi alisema hivi: "Dada yangu anasumbuliwa na kadi ya picha. Hebu tazama kama yatengenezeka."

Fundi, kijana wa bara, akaitazama mashine. Kwa mbele ina tundu la kuchomekea kadi ya kamera, na kadi ya kamera ilikuwamo. Kadi yenye picha. Angeelewa vipi vingine?

Humo mlikuwa na video ya kupamba kwa Saumu, bi harusi niliyempigia picha majuzi.

Asiyekuwa wa huku huenda hajui uzito wa hilo. Kupamba, siku ya kumpamba bi harusi, ni shughuli ya wanawake peke yao. Mlangoni anakaa mama mmoja mkali na kikapu, simu zote zinaingia kikapuni. Ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza chakacha mpaka jasho linawatoka. Kamera inayoingia ni yangu tu, kwa sababu mimi ni mwanamke, nahariri mwenyewe, na nimeahidi kwamba picha haziangukiwi na jicho la mwanamume. Ahadi hiyo ndiyo mtaji wangu. Kamera nzuri kuliko yangu wanazo wengi.

Jirani aliyemwona Bakari akipakia ndiye aliyenielekeza, na nilipofika dukani nikichuruzika maji, mlango ulikuwa wazi na wanaume wawili walikuwa wakingoja fotokopi. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya fundi, Bi Mwanajuma alikuwa akicheza.

Bi Mwanajuma ni mama yake Saumu, mke wa mwalimu wa madrasa kule Msambweni. Kabla ya siku ile sikuwahi kuona hata unywele wake mmoja. Siku ya kupamba alijifunga leso kiunoni, akaingia katikati, akamchezea binti yake kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo tangu amzae. Ni kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Na wanaume wawili walikuwa wakikitazama, kila mmoja na makaratasi yake mkononi.

"Card yako iko sawa, madam," fundi akaniambia, kafurahi. "Picha zote ziko. Nimezicopy hapa ju ya safety, nikaplay moja nione kama sauti inatoka."

Nikamwambia azime. Akadhani nalalamikia sauti, akaipunguza. Nikanyoosha mkono nikakizima kioo mwenyewe. Yaliyofuata siyaandiki yote, nina wazazi wanaosoma hapa. Nilimsimamia mpaka akafuta kila alichonakili, akamwaga na kile kikapu cha taka cha kompyuta, nami nikakagua ni vipande vipi alivyovifungua. Kimoja tu. Cha Bi Mwanajuma.

"Lakini ni wedding tu, madam," alikuwa akirudia. "Si watu wamevaa?"

Kwa desturi za kwao hakuna kosa alilolifanya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Sikupata mtu wa kumchukia ipasavyo. Nikamchukia hivyo hivyo.

Bakari alikuwa barazani, kainamisha kichwa. "Dada, mimi nilisema kadi ya picha. Kama usemavyo wewe." Nilitafuta pikipiki nyingine ya kunirudisha na mzigo wangu.

Nyumbani niliifungua kompyuta kwa hasira. Nikapuliza vumbi, nikaling'oa lile bati la nyuma, nikaibana kadi mpaka ikalia, nikarudisha skrubu. Nikawasha. Ikaikubali papo hapo, hata haikunipa nafasi ya kuitukana.

Ningeweza kunyamaza. Nimeliwaza hilo na naliandika. Lakini wale wawili wa fotokopi siwajui ni watu wa wapi, na Msambweni si mbali. Yakimfikia kwa mdomo wa mwingine, nimekwisha. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka Msambweni kwa Bi Mwanajuma, wala nisijisingizie ucha Mungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umelowa hivyo?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliivuta leso kichwani, ingawa tulikuwa sisi wawili tu na ilikuwa imekaa sawa.

"Walimwona Saumu?"

"La, mama. Walikuona wewe peke yako."

"Alhamdulillahi. Basi nitoe mimi. Kila mahali nilipo kwenye hiyo video, nitoe. Na Saumu asijue ni kwa nini. Yuko kwenye nyumba ya watu sasa, sitaki akae huko akinionea haya."

Nikamwambia kule dukani kumefutwa kila kitu, hakikubaki kitu.

"Nimekusikia. Mimi nilikuwa nimekuamini," akasema. Kisha akaniletea chai na mahamri, na nikala, kwa sababu kwake mgeni haondoki hivi hivi. Sijapata kumeza mahamri magumu namna ile, na yalikuwa laini.

Tangu nirudi niko mbele ya mashine. Kadi mpya inafanya kazi vizuri mno. Nikisema kata, imekata. Nikisema futa, imefuta. Zamani nilikuwa na wakati wa kuchochea mboga baina ya mkato na mkato, sasa sina hata wakati wa kushusha pumzi. Bi Mwanajuma akipokea wageni mlangoni, nimemtoa. Bi Mwanajuma akimpangusa binti yake jasho, nimemtoa. Ile chakacha yake nimeitoa nzima, na naona haya kusema kwamba niliitazama kwanza, picha imenyooka, haigandi hata kidogo. Pale walipokumbatiana sikupata pa kupitisha mkasi. Saumu anafungua mikono, halafu inaingia sinia ya halwa.

Bakari kaniachia wali mlangoni. Umepoa.

Jumamosi Saumu anakuja kutoka Shimoni kuchukua video yake, na atataka kuitazama hapa hapa, kiti kando ya kiti changu. Ikifika mwisho akanigeukia akaniuliza mama yake yuko wapi, nitamwambia nini?