Uzee wa Kuazima

Tukuyu, 9 Machi 1953

Shemeji Anyitike,

Pokea salamu zangu na za mkeo Damari, dada yangu. Sisi wazima, ila mvua inanyesha mpaka kitandani.

Sasa sikia. Mimi ndiye mzee kuliko wote hapa. Serikali yenyewe imeniona, ikasema kichwa hiki kisilipe kodi tena. Haya, si kweli, nawe ulikuwapo ukaona. Nilikwenda barazani na fimbo ya kuazima kwa Damari, nikakohoa mpaka karani akasogeza karatasi zake. Habari za mibuni yangu hakuuliza, nami sikutaka kumchosha mgeni.

Alipouliza umri wako nikajibu kama tunavyotaniana siku zote: "Huyu mtoto, nimembeba mgongoni." Wazee walicheka. Karani, mtu wa mbali, aliandika.

Lakini ndiyo uondoke vile? Unaninyoa, tarishi kukwambia kodi utalipa tu, ukaweka wembe chini, ukaniacha nimenyolewa upande mmoja, ukaenda kuitafuta kodi kwenye mashamba ya chai!

Shemeji yako,
Fanueli

Mufindi, 2 Mei 1953

Shemeji,

Salamu zimefika. Miguu mizima, kifua ndicho kibaya. Chai tunaichuma na umande wake, ukungu haujaondoka. Kile kikohozi chako cha uongo nimekipata mimi, cha kweli.

Vijana hapa wananiita babu, wananibebea kikapu. Ni huko kwetu tu ndiko mimi mtoto. Wewe una mibuni mpaka mtoni, mimi nina jembe na mbuzi mmoja. Kodi ya vichwa vyetu ni ileile, na chako ndicho kilichosamehewa. Pale barazani nilingoja useme neno. Ulikuwa unacheka.

Damari asiuze mbuzi.

Shemeji yako,
Anyitike

Tukuyu, 20 Juni 1953

Shemeji,

Hujambo kifua? Mbona kimya? Nilimpelekea Damari mkungu wa ndizi, nimeukuta mlangoni kwangu. Afadhali angenitukana.

Shemeji yako,
Fanueli

Tukuyu, 15 Agosti 1953

Shemeji yangu,

Sijui kama barua hizi zinakufikia. Nakuombea upone.

Nimerudisha fimbo ya watu. Nikaenda barazani kwa miguu yangu, nikasema mimi na Anyitike ni rika moja, tulichunga pamoja na kujenga vibanda vya ujana mwaka mmoja. Kama mmoja ni mzee, wote wazee. Wakacheka. Walidhani natania tena. Shemeji, nimetania maisha yangu yote, na siku ile sikupata hata mtu mmoja wa kuniamini.

Ndipo nikamwambia karani, "Basi niandike mimi. Nina mibuni, nina ng'ombe, njoo uhesabu." Kicheko kikakatika. Karani akasema, "Hakuna anayetania kwa kodi yake," akakufuta wewe kwenye daftari la kodi, akaniandika mimi.

Kwa hiyo rudi. Mbuzi yupo, Damari anatazama barabara kila basi likipita. Na kwangu una deni: upande wa pili wa kichwa. Sijamruhusu mtu mwingine kuugusa. Njoo umalizie, shemeji, hata ukinikata.

Shemeji yako,
Fanueli