Jenifa Hakunipa Mji

Frida mwanangu, mlenda nimeufunika jikoni, upashe tu. Dawa ya minyoo usimpe tena Jenifa. Nakutegea kitendawili: tumbo gani huuma siku za tuisheni tu?

Asubuhi nilimtegea na yeye kingine, kikamshinda. Nikangoja anipe mji, maana siku zote hunipa Mpwapwa. Wapi! Alifumba macho akaninyooshea viganja vyote viwili, akangoja.

Nani kamzoesha hivyo? Huyo mwalimu wenu mpole simwamini hata kidogo. ~~Mpigie umuulize.~~ Usimpigie, atajiandaa. Nimekwenda mwenyewe kukaa mlangoni pake, nisikie. Jenifa haendi leo, yuko kwa Mama Elisante.

Akirudi mtegee chepesi. Akinyoosha viganja, vishike, umwombe mji.

Bibi yake