Baba Amenunua Rauta

3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kifua kimetulia. Mimi mzima, ila miguu imechoka. Kiwandani tunasimama tangu asubuhi, na hata nikilala bado nasikia mngurumo.

Mama ananiambia umenunua meza ya rauta kwa yule fundi aliyefunga karakana yake. Hukuona heri uniulize kwanza? Hiyo ndiyo mashine ya kuchonga kingo za mbao ninayofanyia kazi kila siku. Kisu kinachomoza katikati ya meza na kinazunguka kwa kasi ambayo jicho halioni. Ubao unausukuma kutoka kulia kwenda kushoto, uende kinyume na mzunguko wa kisu. Ukifuata mzunguko, kisu kinaunyakua ubao na kuurusha. Ondoa kidogo kidogo, usitake kumaliza kwa mara moja. Na kabla hujakigusa kisu, chomoa plagi. Si kuzima swichi tu. Chomoa.

Ningependa unisubiri hadi nipate likizo, lakini nakujua.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Barua yako ilichelewa, au mimi niliwahi. Umesahau baba yako ni mtu wa mashoto? Maisha yangu yote nimesukuma randa kutoka kushoto kwenda kulia, basi na hapa nikafanya vivyo hivyo. Ubao ukanitoka mikononi ukapita dirishani, na kioo nacho kikaenda. Mama yako akaja mbio akidhani tumeingiliwa na wezi. Sikuumia.

Sasa naanzia kulia, kama mtoto anayejifunza kuandika upya. Kingo zinatoka laini mpaka naona wivu. Lazima unajiuliza mashine ya nini uzeeni. Mikono, mwanangu. Nikipiga randa asubuhi, jioni siwezi kushika kikombe. Na nikishinda nyumbani, mama yako ananiuliza kila dakika kama nimemeza dawa. Afadhali kelele za mashine.

Baba yako

6 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Mama. Habari za dirisha zilinichekesha, kisha zikaninyima raha siku nzima.

Vipande vidogo usivipitishe kamwe. Chonga ukingo kwenye ubao mpana, ndipo ukate kipande unachokitaka. Sukuma kwa kibao, vidole vikae mbali. Mwenzangu mmoja hapa, hodari kunishinda, alipitisha kipande kisichozidi kiganja kwa sababu zamu ilikuwa inaisha na alikuwa amechoka. Sasa amepewa kazi ya kufagia.

Naogopa, Baba. Nakwambia wazi ili usijifanye hukuelewa. Niliomba likizo, wamekataa, na hata nguvu za kuomba tena sina. Nijibu upesi.

Binti yako

21 Mei

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa mama yako. Anasema ataandika kila ninachotamka, hata upuuzi, basi tuvumiliane.

Kwanza ujue nipo, nakula, na naongea kupita kiasi (hilo kaongeza yeye). Nilikuwa nachonga milango ya kabati la jirani, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Nikaona nitumie nafasi hiyo kubadilisha kisu. Swichi nikaiacha ilivyo. Plagi nayo sikuichomoa; nilijiambia umeme wenyewe haupo, plagi itafanya nini? Spana ikiwa mkononi, umeme ukarudi.

Ni vidole viwili vya mkono wa kushoto, vimekatika kwenye kiungo cha juu. Hospitali wameshona vizuri. Tulikaa kimya kwa sababu sikutaka uisome habari hii ukiwa peke yako huko. Kumbe ukimya nao ulikuwa unakutesa, ndivyo anavyosema mama yako, na kalamu anayo yeye.

Usijilaumu. Huko kwenu umeme haukatiki, ungelifikiriaje jambo hilo?

Nimechoka, mwanangu, na si mkono tu. Milango ya jirani imeegemea ukuta, sina hamu hata ya kuitazama. Kila mwaka nilikuwa nakuhimiza ubaki huko kwenye kazi ya uhakika. Sasa nasema njoo. Si kuja kuniuguza, muuguzi ninaye. Njoo ufanye kazi, mimi nitakaa kando nikukosoe.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole sana, na Mama pole kwa kuuguza. Barua niliisomea kwenye foleni ya chakula nikalia mbele za watu. Msimamizi akaniuliza nani amefariki. Nikamjibu hakuna, nimeitwa nyumbani. Akasema likizo hakuna. Nikamwambia sijaomba likizo.

Nimeisubiri hiyo "njoo" tangu mwezi wa kwanza niliotoka hapo, mpaka nikajizoeza kutoisubiri. Aproni nimeirudisha. Nakuandikia nikiwa stendi, begi liko miguuni, na macho yananiuma kwa usingizi.

Huenda nikaitangulia barua hii. Ikifika nami nipo, tafadhali usiisome kwa sauti mbele ya Mama.

Binti yako