Sageti Nyuma ya Zizi

Mama yako amechaguliwa kuwa mwalimu mkuu, na aliyemzaa ni mimi! Sasa nakusalimu, Chebet. Sisi tuko wazima, chai inachumwa, babu yako anakohoa kidogo tu.

Umeniuliza watu wa kale waliachaje kuwinda na kuokota wakaanza kulima. Mimi kogo, bibi yako, sikusoma sana, lakini jambo hilo nililiona utotoni kwetu Siongiroi. Mboga ya sageti tulikuwa tunaifuata msituni. Mwaka ambao mama yangu alijifungua mdogo wangu, nilienda peke yangu nikaleta iliyokomaa mpaka ikatoa mbegu. Alinicheka, "Hii utakula wewe na mbuzi," akaitupa nyuma ya zizi la ndama. Mvua iliponyesha, ikaota hapo kwenye samadi, nene kuliko ya msituni.

Baba akataka kupanua zizi. Mama akasimama katikati ya mboga, mtoto mgongoni.

"Panua upande ule mwingine. Mimi msituni sirudi."

Baba akaenda kukata miti ya ua wa upande ule.

Nadhani hata wale wa kale walianza hivyo: mtu alichoka kutembea, akakataa kuondoka penye chakula. Mwalimu wako akibisha, aje aniulize.

Sherehe ya mama yako ni hapa nyumbani, na sote tunawangoja ninyi nyote Jumamosi ya pili ya Agosti.